Kukisia Uzito wa Kondoo

Kila Septemba, katika bonde letu la Yorkshire,
unalipa peni hamsini ukisie uzito wa kondoo dume.
Amefungwa nguzoni, pembe zimejikunja mara mbili,
anatutazama kama karani wa benki mwenye foleni ndefu.

Bibi Thirza hatumii macho.
Huvua glavu, huzamisha vidole katika sufu
mpaka aufikie uti wa mgongo,
hubana midomo, kisha husema:
"Mawe kumi na manne, na ratili tatu."
(Kwetu jiwe bado ni kipimo.)
Mshale wa mizani ukitulia
watu humgeukia, naye yuko zamani kwenye chai.

Mimi ndiye mjukuu aliyekwenda kusomea maneno.
Nilirudi Krismasi na daftari, nikamwuliza:
unajua neno lako lilikotoka?
Guess. Herufi tano, sauti tatu.
Ile u haisemi lolote.
Waandishi waliozoea Kifaransa waliichomeka hapo
iishike g mkono, isilainike,
kama shemeji aliyealikwa harusini
akabaki, karne kadhaa sasa, anakula kimya.

Kabla ya hapo liliandikwa gesse, bila shemeji,
na kabla yake, huenda, lilishuka na watu wa kaskazini,
wale waliotuachia majina ya vijito na vilima,
ambao kwao geta ilikuwa kupata
na geta hiyo hiyo ilikuwa kukisia:
kunyoosha mkono gizani
na kukigusa ulichokinyooshea,
tendo moja, neno moja.
Au lilivuka kutoka Uholanzi na wanunuzi wa sufu.
Kamusi zinasema labda. Zinasema yamkini.
Neno la kukisia, na asili yake inakisiwa.

Bibi alicheka mpaka akashika meza.

Tukamkumbuka Mjomba Ewart, aliyekaa Ohio miaka tisa
akarudi na neno hilo mbele ya kila sentensi:
nakisia nina njaa, nakisia leo ni Jumanne.
Baa nzima ilimcheka. Mtu hajui hata tumbo lake?
Nami nikasoma, nikaona haya kwa niaba ya baa:
wazee wetu walisema hivyo hivyo
kabla wenzao hawajapanda meli.
Sisi tulisahau, wao wakatunza.
Ni sufuria uliyomwazima jirani;
siku anapoirudisha, unaapa si yako.

Februari, Babu Wilf alilazwa Northallerton.
Daktari alikuwa kijana, kalamu tatu mfukoni,
aliitazama picha ya mapafu kwa muda mrefu
kuliko alivyomtazama mwenye mapafu.
"Mkinilazimisha kukisia," alisema,
"nitasema mpaka kondoo watakapozaa."
Bibi akamwuliza: "Umemshika mgongo?"
Kijana hakuelewa.
"Basi hukukisia. Umebahatisha."

Akavua glavu.
Akapitisha mkono chini ya shati la hospitali,
taratibu, kwa sababu vidole vilikuwa baridi
na Babu alikuwa akilalamikia vidole hivyo miaka hamsini na mbili,
na alilalamika tena.
Akabana midomo.
Nilisubiri tarakimu. Hata daktari alisubiri,
kalamu moja imekwishatoka mfukoni.

Bibi akautoa mkono, akakishusha kile shati,
akauliza kama kantini bado iko wazi.

Njiani kurudi theluji ilianza,
kondoo wa watu wamesimama ukutani, weupe juu ya weupe,
huwezi kujua yupi ni yupi.
Nikamwuliza: ulipata ngapi?
Alikuwa bado hajavaa glavu. Mkono wa kulia
ulikuwa wazi juu ya paja, kiganja juu,
kama umebeba kitu.

"Tazama barabara," akasema.